Umeachwa, na Kwakoa Ni Padogo: Sayansi ya Moyo Unaouma

Ukiachana na mtu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: futa namba, mbloku, usipite anapopita, utasahau tu. Ni ushauri mzuri. Sasa jaribu kuufuata ukiwa Kwakoa.

Kwa asiyepajua, Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Iko upande wa mashariki wa milima ya Upare Kaskazini, kwenye tambarare kavu inayoelekea Hifadhi ya Mkomazi na mpaka wa Kenya. Ni mahali ambapo watu wanajuana kwa majina na kwa koo. Namba utaifuta, sawa. Lakini dada yake mnakutana kwenye maji, mama yake mnasali pamoja, na bodaboda anayekupeleka Mwanga mjini alisoma naye tangu darasa la kwanza. Hujafika hata nyumbani, tayari mtu ameshakuuliza, "Mbona siku hizi shemeji haonekani?"

Makala nyingi kuhusu kuachana zimeandikwa kwa watu wa miji mikubwa, ambako unaweza kuhama mtaa na usimwone mtu huyo tena maisha yako yote. Leo tunamwandikia wewe ambaye huwezi kuhama. Kwanza tutaangalia kinachotokea kwenye ubongo na mwili wako. Halafu tutapima ushauri unaopewa: upi una ushahidi, na upi unatekelezeka mahali padogo.

Hujarogwa, na wala siyo "mambo ya tamthilia"

Zamani wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mapenzi ya kumtamani mtu mmoja hadi usingizi ukupotee ni utamaduni wa kwao, umeenezwa na vitabu na nyimbo. Hapa kwetu nako wapo wazee wanaosema hivyo hivyo: vijana mmeharibiwa na tamthilia. Mwaka 1992 wanaanthropolojia William Jankowiak na Edward Fischer waliamua kulipima jambo hilo. Walipitia kumbukumbu za jamii 166 kutoka pande zote za dunia, wakatafuta dalili za mapenzi ya namna hiyo: watu kutoroka pamoja, kuimba kwa uchungu, kumlilia aliyeondoka. Walizikuta katika jamii 147, yaani karibu tisa katika kila kumi. Kwa zile zilizobaki, mara nyingi tatizo lilikuwa kwamba kumbukumbu hazikueleza lolote, si kwamba mapenzi hayakuwepo.

Na maumivu ya kuachana nayo yako kila mahali. Mwaka 2015 Craig Morris na wenzake walichapisha utafiti wa watu 5,705 kutoka nchi 96. Waliwaomba wapime maumivu yao kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni maumivu yasiyovumilika. Kwa maumivu ya moyo, wastani wa wanawake ulikuwa 6.84 na wa wanaume 6.58. Angalia tofauti hiyo ilivyo ndogo. Yule kijana anayekaa kijiweni akicheka kwa sauti wiki moja baada ya kuachwa, huenda ndani yake yuko karibu kabisa na dada anayelia waziwazi. Kilichotofautiana ni ruhusa ya kulia.

Kwa hiyo kama umekonda, huli hata makande uliyokuwa unayapenda, na unashtuka saa tisa za usiku, usianze kutafuta nani amekufanyia kitu. Binadamu wa kawaida yuko hivyo.

Ubongo unaomtafuta asiyekuwepo

Mwaka 2010 Helen Fisher, Lucy Brown, Arthur Aron na wenzao walichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa sana. Waliwachukua watu 15, wanawake 10 na wanaume 5, walioachwa karibuni na bado wanampenda aliyewaacha. Walisema kwamba zaidi ya asilimia 85 ya muda wanaokuwa macho wanamuwaza mtu huyo. Waliingizwa kwenye mashine ya MRI, wakaonyeshwa picha yake, kisha picha ya mtu mwingine wanayemfahamu tu.

Walipoiona picha ya mpenzi aliyewaacha, sehemu ndogo iliyopo katikati ya ubongo kwa chini, inayotoa kemikali iitwayo dopamini, ilifanya kazi zaidi. Pamoja nayo zikaamka sehemu nyingine ambazo tafiti za watu wenye uraibu wa kokeini zimewahi kuzionyesha kwa mtu mwenye hamu ya dawa.

Hapa inabidi tueleweshane kidogo. Watu husema dopamini ni "kemikali ya furaha". Siyo hivyo hasa. Kazi yake kubwa ni kukusukuma ukitafute kitu ambacho ubongo umejifunza kwamba kina thamani. Ndiyo maana unaweza kumtamani mtu ambaye, ukikaa ukafikiri vizuri, mwaka wa mwisho hakukupa furaha yoyote. Kutamani na kufurahia ni vitu viwili.

Kwa mtu wa Upareni, mfano mzuri ni ndiva. Maji ya kijito yanakusanywa usiku kwenye ndiva, asubuhi yanafunguliwa na kupita kwenye mfereji hadi shambani kwa zamu. Mfereji ukitumika miaka, unakuwa na kina. Siku mkiamua kumwagilia shamba jingine, mfereji wa zamani haujifukii wenyewe. Ukifungua maji bila kuuziba, yatafuata njia ile ile aliyoizoea kila mtu. Ubongo nao una mifereji ya namna hiyo. Kwa miaka miwili kila habari njema ilikuwa inakimbilia kwake: umefaulu mtihani, ng'ombe amezaa, umechekeshwa na mtu njiani, unashika simu. Sasa hayupo, lakini mkono bado unaifuata simu. Hiyo haina maana kwamba "mlipangiwa kuwa pamoja". Mfereji tu bado uko wazi.

Kwa nini na mwili unauma?

Kiswahili kinasema moyo unauma, na watu wakiachwa hushika kifua. Mwaka 2011 Ethan Kross na wenzake waliwachukua watu 40 ambao, ndani ya miezi sita iliyopita, uhusiano wao ulivunjika bila wao kutaka. Wakiwa ndani ya MRI walifanya mambo mawili. Kwanza walitazama picha ya aliyewaacha huku wakifikiria siku ya kuachwa. Pili waliwekewa mkononi kifaa chenye joto la kuumiza, lakini lisilounguza. Matokeo yalionyesha kwamba baadhi ya sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi maumivu ya mwili ziliamka katika hali zote mbili.

Magazeti yalipokea habari hiyo kwa vigelegele: "Kuachwa ni sawa na kuungua!" Lakini sayansi haiishii kwenye utafiti mmoja. Mwaka 2014 Choong-Wan Woo na wenzake walichunguza kwa undani zaidi mpangilio wa shughuli ndani ya sehemu zile zile. Wakakuta kwamba maumivu ya joto na maumivu ya kuachwa yana mipangilio tofauti. Ni kama nyumba moja ambayo asubuhi ni darasa na jioni ni ukumbi wa kwaya: ukitazama kutoka mbali unaona taa tu zinawaka, ukisogea unagundua kinachoendelea si kitu kimoja.

Kwa hiyo maumivu yako ni ya kweli, yana msingi kwenye ubongo, ila si sawasawa na kuungua mkono. Kuna watafiti waliowahi kujaribu kama dawa za kawaida za maumivu zinapunguza uchungu wa kutengwa, na matokeo hayatoshi kumshauri mtu yeyote azitumie. Tafadhali usimeze Panadol kwa ajili ya mtu. Ikizidi kipimo inaharibu ini, na aliyeondoka hatarudi kwa sababu hiyo.

Na moyo wenyewe, ule unaosukuma damu? Mwaka 1990 madaktari wa Japani walielezea hali waliyoiita takotsubo, jina la mtungi wanaotumia wavuvi wa huko kunasia pweza. Mtu akipata mshtuko mkubwa, kwa mfano msiba, sehemu ya moyo inadhoofika ghafla na kutanuka kwa umbo la mtungi huo. Dalili zake zinafanana na shambulio la moyo. Hutokea zaidi kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi hupona ndani ya siku au wiki chache. Kwa kijana aliyeachwa ni nadra. Lakini maumivu makali ya kifua pamoja na kukosa pumzi hayasubiri tafsiri ya mapenzi. Nenda hospitali kwanza.

Mengine unayoyahisi yana maelezo mepesi zaidi. Mwili ulio kwenye msongo hutoa homoni kama kotisoli na adrenalini. Usingizi unakatika, tumbo linavurugika, hamu ya kula inapotea au inazidi. Ukikosa usingizi siku tatu, hasira inakuwa karibu na kila neno linauma. Yaani sehemu ya "huzuni" yako ya leo inaweza kuwa ni usingizi wa juzi.

Itachukua muda gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na yeyote atakayekupa idadi kamili ya siku anakudanganya. Lakini kuna mambo matatu tunayoweza kusema.

La kwanza: watu hukosea kutabiri. Paul Eastwick, Eli Finkel na wenzao waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliokuwa kwenye uhusiano, wakawauliza mara kwa mara: mkiachana, utaumia kiasi gani? Wale walioachana kweli walipimwa. Katika ripoti ya mwaka 2008 ilionekana kwamba waliumia, ndiyo, lakini si kwa ukali waliokuwa wameutabiri. Na waliokosea zaidi kwa kutabiri makubwa ni wale waliokuwa wamependa sana. Kwa hiyo ile sauti inayosema "sitaweza kuishi" ni hofu, na hofu si mtabiri mzuri.

La pili: katika utafiti ule wa Fisher, kadiri siku zilivyokuwa zimepita tangu mtu aachwe, ndivyo sehemu fulani ya ubongo inayohusishwa na kushikamana na mtu ilivyopungua kuamka mbele ya picha. Watu 15 ni wachache, hivyo tulichukue kwa kiasi. Lakini linalingana na wanayoyaona watu wengi.

La tatu linatoka kwa panya. Kuna panya wa mbugani huko Amerika Kaskazini ambao, tofauti na mamalia walio wengi, hukaa dume na jike kama wenzi. Mwaka 2024 maabara ya Zoe Donaldson katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ilipima dopamini kwenye ubongo wao. Panya akimwendea mwenzi wake, dopamini ilipanda kuliko akimwendea mgeni. Watafiti wakawatenganisha wenzi kwa wiki nne, muda mrefu kwa maisha mafupi ya panya. Walipokutanishwa tena, walionyesha dalili za kukumbukana, lakini ule mpando wa pekee wa dopamini ulikuwa umeyeyuka. Binadamu si panya, ni kweli. Hata hivyo kuna jambo la kujifunza hapa: kupona si lazima usahau. Unaweza kumkumbuka mtu, jina lake, kicheko chake na siku yake ya kuzaliwa, bila kuvutwa tena.

"Mimi ni nani sasa?"

Kuna maumivu mengine ambayo watu hawayatarajii. Mwaka 2010 Erica Slotter, Wendi Gardner na Eli Finkel walionyesha kwamba baada ya kuachana, watu wengi hawajielewi vizuri kama zamani. Hawana uhakika wanapenda nini, wanataka nini, wao ni nani. Na kutojielewa huko kulihusiana na huzuni yao.

Ukifikiri, inaeleweka. Mkiwa pamoja muda mrefu, nafsi zinachanganyika. Mlipanga kufungua duka, sasa hujui kama duka lilikuwa ndoto yako au yake. Ulianza kupenda timu yake. Huku kwetu jambo linaenda mbali zaidi, kwa sababu uhusiano haukai kwa watu wawili. Ulikuwa na wifi, ulikuwa na mama mkwe mtarajiwa aliyekuita "mwanangu". Pengine washenga wamekwenda na sehemu ya mahari imetoka. Ukiachana, unapoteza cheo kwenye nyumba nzima ya watu.

Hapo sheria nayo inaingia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, kama mahakama itaridhika kwamba zilitolewa kwa sharti la ndoa hiyo. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, inasema watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, huku jamii ikiwaona ni mume na mke, wanaweza kuchukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama mlikuwa mnaishi pamoja, usikubali kuambiwa tu "hamkuwa na ndoa, ondoka". Uliza kwanza.

Habari njema ni kwamba kujichanganya huko kunaweza kugeuka. Gary Lewandowski na Nicole Bizzoco, mwaka 2007, walikuta kwamba watu waliotoka kwenye uhusiano ambao haukuwa unawakuza waliripoti kukua baada ya kuachana, hasa walipoweza kurudi kwenye sehemu zao walizokuwa wameziweka kando. Ulikuwa unaimba kwaya ukaacha kwa sababu hapendi? Ulikuwa unafuga kuku? Anzia hapo.

Ufanye nini, ukiwa mahali padogo

*Tenganisha kukutana na kutafuta.* Huwezi kuzuia kumwona sokoni. Lakini kuipitia status yake ya WhatsApp mara nane kwa siku, hilo ni lako. Mwaka 2012 Tara Marshall alichapisha utafiti wa watu 464 kuhusu kuwafuatilia wapenzi wa zamani kwenye Facebook. Waliokuwa wakifuatilia zaidi ndio waliokuwa na uchungu zaidi, hamu zaidi na kukua kidogo. Utafiti huo hauthibitishi kipi kimeleta kipi; pengine anayeumia zaidi ndiye anayechungulia zaidi. Lakini kumbuka mfereji: kila ukichungulia, umeyafungulia maji. Zima status zake zisionekane. Hakuna haja ya kugombana wala kutangaza.

*Andaa salamu.* Kwa kuwa mtakutana, amua mapema utasema nini. "Habari za leo? Nzuri. Nyumbani hawajambo? Haya, salama." Basi, endelea na safari. Mahali kama Kwakoa, kumpita mtu bila salamu ni tangazo kwa kijiji kizima, na kesho utakuwa unajibu maswali kumi. Salamu fupi ya heshima inakulinda wewe.

*Ongea, lakini usichimbe kaburi kila siku.* Grace Larson na David Sbarra, mwaka 2015, waliwagawa vijana 210 walioachana karibuni katika makundi mawili. Kundi moja lilikuja mara kadhaa ndani ya wiki tisa kujibu maswali na kuelezea kuachana kwao. Jingine lilipimwa mwanzo na mwisho tu. Lile lililokuwa likieleza mara kwa mara lilijielewa vizuri zaidi na upweke ulipungua. Ila Sbarra huyo huyo na wenzake, mwaka 2013, waliwapa watu 90 waliotengana na wenzi wao wa ndoa kazi ya kuandika. Kwa wale wenye tabia ya kuwaza na kuwazua, kuandika hisia zao za ndani kabisa kuliwachelewesha kupona, kuliko wenzao walioandika tu shughuli za siku. Fundisho: kueleza kwa mpangilio ili uelewe, kunasaidia. Kuzungusha swali lile lile, "kwa nini mimi, kwa nini mimi", kunazamisha. Ukiona umeeleza kisa hicho mara ya ishirini kwa maneno yale yale, nyanyuka ukateke maji.

*Usitegemee kumchukia.* Sandra Langeslag na Michelle Sanchez, mwaka 2018, waliwajaribu watu 24 waliokuwa bado wanaumia. Kufikiria mabaya ya mpenzi wa zamani kulipunguza mapenzi kidogo, lakini kukawafanya wajisikie vibaya zaidi kwa wakati huo. Kujishughulisha na mambo mengine kuliwaletea nafuu ya moyo bila kupunguza mapenzi. Kila njia ina bei yake. Kasoro zake zikumbuke pale unapotaka kumpigia saa sita usiku. Muda mwingine jishughulishe. Na usisahau kwamba mahali padogo maneno ya chuki hurudi. Utakalosema leo kwa hasira, kesho atalisikia mama yake.

*Utunze mwili.* Lala na amka saa zile zile. Kula hata kidogo, kwa wakati. Fanya kazi ya kutoa jasho. Pombe haileti usingizi mzuri: inakulaza haraka, halafu inakuamsha usiku wa manane ukiwa na mawazo yale yale na kichwa kizito.

Kuwa singo siyo kusubiri gari

Jamii yetu humwona mtu asiye na mwenzi kama abiria aliyekaa stendi: lazima kuna gari analisubiri. Kila harusi utaulizwa, "Na wewe lini?" Shinikizo hilo lina madhara yanayopimika. Stephanie Spielmann na wenzake, mwaka 2013, walionyesha kwamba watu wenye hofu kubwa ya kubaki peke yao huwa tayari zaidi kukaa kwenye uhusiano usiowaridhisha, na kuvutiwa hata na watu wasioonyesha kuwajali. Kwa maneno mengine, hofu inakushushia kipimo. Ukikimbilia mwingine ili tu watu wanyamaze, angalia usije ukachagua kwa hofu.

Na si kweli kwamba asiye na ndoa ni mtu aliyekatika na watu. Natalia Sarkisian na Naomi Gerstel, mwaka 2016, walichambua takwimu za Marekani wakakuta kwamba watu wasiooa wala kuolewa huwasiliana na kusaidiana zaidi na wazazi, ndugu, majirani na marafiki kuliko walio kwenye ndoa. Angalia hapa kwetu: ni nani anayemlipia mdogo wake ada? Ni nani anayemsindikiza bibi hospitali? Mara nyingi ni huyo shangazi au mjomba "ambaye hajatulia". Ametulia sana. Hajaoa tu, au hajaolewa.

Hatusemi useja ni bora kuliko ndoa. Tunasema kipindi hiki unachopita ni maisha kamili, yana kazi na watu wake. Siku ukipenda tena, uingie ukiwa umechagua.

Lini uombe msaada

Huzuni ya kuachana kwa kawaida huja kwa mawimbi: leo afadhali, kesho umezama, keshokutwa umecheka. Kama ni zaidi ya wiki mbili na kila siku ni giza tu, huwezi kufanya kazi, huli, hulali, kila kitu hakina ladha, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika. Wengi wetu hatusemi "nina sonona". Tunasema "nina mawazo", "kichwa kinawaka", "moyo unakwenda mbio". Watafiti wa Muhimbili, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, walilitambua hilo: mwaka 2008 walichapisha dodoso la maswali 19 la kutambua sonona, lililojengwa kwa namna watu wa Dar es Salaam wenyewe wanavyoelezea shida zao. Ukifika zahanati ukasema "nina mawazo hayaishi", umesema jambo la kitabibu. Usione aibu. Kutoka zahanati unaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya, na ikibidi KCMC, Moshi.

Zimbabwe nao wanalo neno: kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko, mwaka 2006, huduma ya benchi la urafiki, ambapo bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo anakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, anamsikiliza na kumsaidia kupanga hatua moja inayowezekana. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi tunao hata sisi. Wanachohitaji ni kufundishwa kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Na kama una wazo la kujiua, au rafiki yako amesema "bora nife", usingoje wiki mbili. Muulize moja kwa moja. Kuuliza hakumpi wazo. Usimwache peke yake, ondoeni dawa za shamba na za mifugo alipo, na mmpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, namba 116 hupigwa bure.

Mwisho, neno kwa wewe usiyeachwa, uliye jirani tu. Mahali padogo panaumiza kwa sababu kila mtu anajua. Lakini panaweza kuponya kwa sababu hiyo hiyo. Mjini mtu anaweza kukaa siku nne bila kula na jirani asijue. Kwakoa utajua siku ya kwanza. Basi ukimwona amepungua, liache swali la shemeji. Mpelekee chakula, kaa naye kidogo, muulize kama amelala.